Doa la kahawia kwenye sakafu nne: uchambuzi wa kisa cha usafi wa kuhama nyumba

Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Yaliyofanyika kwenye sakafu yameachwa kama yalivyokuwa, maana somo limo humo.

Usuli

Familia moja ilikuwa inahama nyumba ya kupanga baada ya kukaa humo miaka kadhaa. Mkataba ulitaka nyumba irudishwe ikiwa safi, na amana ingetolewa baada ya ukaguzi. Mpangaji aliajiri vibarua wawili: dada mwenye uzoefu mrefu wa usafi wa ofisi na vyoo vya umma, na kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Muda ulikuwa finyu, funguo zilitakiwa wiki ileile.

Nyumba ilikuwa na sakafu za aina tano. Sebuleni na kwenye korido kulikuwa na marumaru ya jiwe halisi, iliyong'arishwa hadi mtu anajiona. Jikoni kulitandikwa vinaili, yaani plastiki ya sakafuni iliyochapwa maua. Bafuni kulikuwa na vigae vya kauri vilivyoungwa kwa grauti ya saruji, ile inayojaza mistari kati ya kigae na kigae. Chumba kikubwa kilikuwa cha mbao zilizopakwa vanishi, na chumba cha pili kilikuwa na zulia la sufi lililogandishwa ukuta hadi ukuta.

Mpangaji alizunguka nyumba nzima akaandika orodha ya madoa. Niliisoma baadaye. Ilisema hivi: sebuleni, kahawia. Jikoni, kahawia. Bafuni, kahawia kwenye mistari. Chumba cha pili, kahawia. Sebuleni karibu na meza, doa la mafuta. Chumba kikubwa, duara jeusi. Karibu kila mstari ulikuwa rangi na mahali, basi. Hakuna palipoandikwa sakafu ni ya nini, wala, ukiacha lile la mafuta, doa lilitokana na nini, ingawa mpangaji mwenyewe alijua karibu yote alipoulizwa. Rangi ya kahawia ya sebuleni ilikuwa kutu iliyotoka kwenye miguu ya kistendi cha maua. Ya jikoni ilikuwa chini ya mkeka wenye mgongo wa mpira. Ya bafuni ilitokana na maji yenye chuma yaliyokuwa yakivuja kidogokidogo. Ya zulia ilikuwa kahawa ya maziwa. Kwa maoni yangu, mambo yalianza kuharibika kwenye karatasi ile, kabla ya chupa yoyote kufunguliwa.

Kilichotokea

Walianza sebuleni. Dada alimwaga siki tupu juu ya kutu, akaiacha ilale ili ilegeze, akaenda kupanga vifaa vingine. Aliporudi na kufuta, kahawia ilikuwa palepale, lakini kuizunguka kulikuwa na mawaa meupe yaliyofifia, kingo zake zikifuata umbo la kimiminika kilivyotambaa. Ukisimama juu yake huoni kitu. Ukiinama na kutazama kuelekea dirishani, mng'ao wa jiwe unakatika ghafla pale, kisha unaendelea mbele. Yeye aliona ni siki iliyokaukia, akaongeza siki nyingine. Kijana akachukua waya wa kusugulia sufuria, akakaza mkono. Mikwaruzo ikaongezeka juu ya mawaa. Waya wa aina hiyo pia huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo navyo hushika kutu, hivyo walikuwa wanapanda mbegu za doa jipya ndani ya lile la zamani.

Jikoni walipoinua mkeka walikuta mstatili wa rangi ya njano iliyokolea kuwa kahawia, wenye vijimraba vya mgongo wa mkeka vilivyojichora juu ya vinaili. Wakatumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki. Haikubadilika. Mtu mmoja wa nyumbani akaleta asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kijana akasugua, kitambaa kikatoka na rangi, akaita kwa furaha: "Dada, inaachia!" Kilichokuwa kinaachia ni tabaka la juu la vinaili pamoja na maua yaliyochapwa chini yake. Walipogundua, sehemu ya ukubwa wa sahani ilikuwa imelainika na inanata. Alama ya kidole ilibaki pale hadi siku niliyofika.

Bafuni ndiko kulikotokea baya zaidi. Dada alikuwa na dawa yake ya kuondolea ukoga na magadi ya vyoo, yenye asidi kali, aliyoipunguza kutoka dumu kubwa na kuitia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haikuwa na lebo. Aliipaka kwenye grauti, akapiga brashi, na kweli kahawia ikapungua. Akasuuza kwa maji kidogo, maana hakutaka maji yatiririke hadi koridoni, na kwa sababu hiyohiyo akafunga mlango. Kisha akapiga magoti, akamwagia jiki kwenye mistari ileile ili imalizike nyeupe.

Harufu kali ilipanda mara moja. Alikohoa, macho yakatoa machozi, kifua kikabana. Kijana alisikia kikohozi, akafungua mlango, akamvuta nje hadi kwenye hewa. Mpangaji akamwosha macho kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu, akambadilishia nguo zilizolowa, akampeleka hospitali. Hakuna aliyerudi bafuni kujaribu "kuua" harufu kwa kumwaga kitu kingine. Walifungua madirisha ya nyumba yote, wakafunga mlango wa bafu, wakatoka.

Mimi hufundisha wafanyakazi wa usafi. Nilipigiwa simu baada ya hapo, nikakuta kazi imesimama na mpangaji ana hofu ya mambo mawili: afya ya dada, na amana.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzikusanya chupa zote sehemu moja yenye hewa, asidi upande huu na jiki upande ule, na ile isiyo na lebo kuitenga kabisa. Hatukuimwaga kwenye bomba la maji machafu, kwa kuwa jiki ilikuwa imeshapita huko. Bafu liliachwa wazi hadi siku iliyofuata, kisha likasuuzwa kwa maji mengi, mlango na dirisha vikiwa wazi.

Uamuzi wa pili: kuiandika upya orodha kwa sakafu. Kila sakafu ilipewa ukurasa wake, na kila doa likaandikiwa nini kimemwagika, lini, na nini kimeshapakwa juu yake. Sehemu hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo inayozuia ajali ya pili. Tulipiga picha kila doa kwa mwanga wa pembeni.

Kisha tukapima. Tone la maji kwenye pembe iliyofichika ya kila sakafu: likikaa juu kama shanga, uso umezibwa, likizama na kuacha kivuli, uso unanyonya na chochote utakachomwaga kitazama vilevile. Marumaru ilinyonya. Nyuma ya mlango, mahali ambapo jiwe lilikuwa limeshamenyeka, nikamwonyesha kijana tone moja la siki. Aliinama akaona viputo vidogo vikichemka pembezoni mwa tone. Hapo ndipo alipoelewa mawaa ya sebuleni bila mimi kuongeza neno. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Asidi inaila na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Siki ya kawaida ina takribani asilimia 5 ya asidi ya asetiki, na hiyo inatosha.

Kwa marumaru, basi, tuliamua kutogusa kabisa mawaa wala kutu. Kutu ina dawa yake maarufu, asidi ya oksaliki, lakini nayo ni asidi na ingeendeleza madhara. Zipo dawa za kutu zisizo na asidi zilizotengenezwa kwa ajili ya jiwe, ila hiyo ni kazi ya fundi wa mawe, ambaye angelazimika kuja hata hivyo kung'arisha upya palipoliwa.

Doa la mafuta karibu na meza lilikuwa jambo jingine. Hilo lilikuwa limezama ndani ya vinyweleo vya jiwe, na kulisugua kusingelifikia. Tulilitengenezea bandiko: udongo mweupe wa kaolini uliokandwa na asetoni hadi ukawa mzito kama siagi ya karanga, ukapakwa unene wa sentimita moja na kupita kingo za doa pande zote. Juu yake plastiki, kingo zikabanwa kwa utepe. Madirisha wazi, hakuna moto wala swichi kuguswa karibu. Baada ya saa 24 plastiki iliondolewa na bandiko likaachwa likauke lenyewe. Watu wengi hapa hukosa subira na kulibandua likiwa bichi, wakati kinachovuta mafuta ni kule kukauka: kiyeyushi, yaani ile asetoni, kinapopanda kwenda hewani kinabeba mafuta na kuyaacha kwenye udongo. Lilipokauka lilibanduka vipande vipande, upande wa chini ukiwa na duara la njano. Tukarudia. Asetoni ileile iliyoyeyusha vinaili haikuligusa jiwe.

Kwenye zulia, kijana alikuwa tayari ameshika jiki. Nilimzuia. Sufi ni nywele za mnyama, yaani protini, na klorini ya jiki huila hadi nyuzi zikabadilika rangi na kukatika. Tulianza na maji baridi na tone la sabuni laini kwa ajili ya maziwa, maana maji ya moto huyagandisha kwenye nyuzi. Kitambaa cheupe kilikandamizwa na kuinuliwa, kutoka ukingoni kuelekea katikati, bila kusugua. Kisha tukachukua siki, kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji, kwa ajili ya rangi ya kahawa. Mpangaji aliduwaa: siki hii si ndiyo iliyoharibu sebule? Ndiyo hiyo. Sufi inaivumilia asidi hafifu vizuri kuliko inavyovumilia sabuni kali.

Vinaili tuliiacha. Rangi ile hutokana na kemikali za mpira zinazohamia ndani ya plastiki yenyewe; haiko juu, hivyo hakuna cha kufutia. Duara jeusi kwenye mbao nalo tuliliacha. Vanishi ilikuwa imepasuka chini ya chungu cha maua kilichokaa kwenye sinia la bati, maji yakaingia, na chuma kilipokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, kikawa weusi ulio ndani ya ubao. Kulitoa kunahitaji kuondoa vanishi kwanza, kisha asidi ya oksaliki, kisha kupaka upya ubao mzima. Kando yake kulikuwa na duara jeupe la kikombe, ambalo lilikuwa unyevu tu ndani ya vanishi. Hilo lilitoka kwa kitambaa kikavu na joto la chini la mashine ya kukaushia nywele.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa mpangaji amwite mwenye nyumba kabla ya siku ya ukaguzi na kumwonyesha kila kitu, pamoja na picha. Aliupinga kwanza. Alitaka kuweka zulia dogo juu ya mawaa ya sebuleni.

Matokeo

Dada aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kuangaliwa kwa saa kadhaa. Kukohoa kuliendelea siku chache, kisha kukaisha.

Doa la mafuta lilitoka baada ya bandiko la pili. Zulia lilionekana safi jioni, lakini kulipokucha kivuli cha kahawia kilikuwa kimerudi: unyevu uliobaki chini ulipanda na kubeba rangi hadi kwenye ncha za nyuzi. Tulirudia kwa maji machache zaidi, tukaweka taulo kavu zilizokunjwa na mzigo mzito juu yake usiku kucha. Safari hii hakikurudi.

Grauti ya bafuni ilikuwa nyeupe lakini imekuwa na vishimo na inatoa unga ukiipitisha ukucha. Asidi iliila saruji. Vigae vyenyewe havikuwa na alama yoyote. Mistari ya karibu na bomba ililazimika kuchokolewa na kujazwa upya.

Jikoni fundi alikata kipande cha vinaili kutoka chini ya kabati, mahali pasipoonekana, akakitia kwenye pengo lililoyeyuka, akilinganisha maua. Ukijua pa kutazama utaona mshono. Rangi ya mpira ilibaki sehemu nyingine.

Fundi wa mawe alisaga na kung'arisha upya mawaa na mikwaruzo, akatumia dawa ya kutu isiyo na asidi. Kutu ilipungua hadi kivuli hafifu.

Mwenye nyumba alikata amana kwa ajili ya marumaru, grauti na vinaili. Kwa kutu, mbao na rangi ya mpira hakukata kitu; alisema hayo ni matumizi ya kawaida ya nyumba. Maana yake ni kwamba karibu kila kilichokatwa kilisababishwa na usafi. Mpangaji angeacha madoa ya sebuleni, jikoni na bafuni bila kuyagusa, angepata amana yake karibu yote.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema dada hakujua kazi. Alijua, tena vizuri. Vyooni na ofisini alikofanya kazi, sakafu ni vigae vya kauri, na kauri iliyopakwa gilasi, lile tabaka gumu la kung'aa kama kioo, huvumilia karibu chochote unachoweza kukipata nyumbani: siki, jiki, asetoni, asidi ya choo. Kila siku ya kazi yake ilimthibitishia kwamba dawa kali inafanya kazi haraka na haina madhara. Uzoefu huo ulikuwa wa sakafu moja. Alipoingia kwenye nyumba yenye tano, hakuna kilichomwambia kwamba ameondoka mahali anapopajua, maana marumaru iliyong'arishwa na kigae cha kauri vinafanana sana kwa mtu aliyesimama na ndoo mkononi. Orodha ya rangi ikamkazia hilo: kahawia ni kahawia.

Tatizo la pili ni kutotofautisha doa na kidonda. Doa ni kitu kilichoongezeka, na unaweza kukitoa. Mawaa meupe yalikuwa sehemu ya jiwe iliyokwisha kuondoka. Dada alipoyaona alifanya kile kinachofaa kwa doa, akaongeza dawa, na kila nyongeza ilipanua kidonda. Kijana naye jikoni alichukulia rangi kwenye kitambaa kuwa ushahidi wa mafanikio. Kwenye sakafu yoyote yenye rangi au tabaka la juu, kitambaa kinachotoka na rangi kinapaswa kukusimamisha kwanza. Itazame ile rangi: ni ya doa, au ni ya sakafu?

Kuhusu bafu, nilimuuliza dada baadaye kama aliwahi kuambiwa asichanganye jiki na asidi. Aliambiwa mara nyingi, na hakuchanganya, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Kila kimoja kilikuwa kwenye chombo chake. Mchanganyiko ulifanyika sakafuni. Grauti ni saruji yenye vinyweleo. Ilikuwa imenyonya asidi, na maji kidogo hayakuitoa. Jiki ni sodiamu haipokloraiti, na inapokutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hulala chini. Mtu aliyesimama mlangoni angesikia harufu. Aliyepiga magoti akisugua uso wake uko ndani yake. Mlango uliofungwa ukamaliza kazi. Tangu kisa hiki sisemi tena "msichanganye" pekee. Nawaambia wanafunzi: sakafu moja, dawa moja, siku moja. Ukilazimika kubadilisha, suuza kwa maji mengi, acha ikauke, ndipo ufungue chupa ya pili. Amonia nayo iwekwe kwenye onyo hilohilo, na isisahaulike kwamba mkojo mkavu wa mtoto au mnyama huwa na amonia ndani yake.

Lililofanywa vyema hapo, na bila maelekezo ya mtu, ni uokoaji. Kijana alifungua mlango, akamvuta, hakukaa ndani kusuuza. Mpangaji alimpeleka hospitali ingawa dada alisema yuko sawa, na huo ulikuwa uamuzi sahihi: madhara ya klorini kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshaanza kujiona mzima.

Kufichua kulisaidia kuliko mpangaji alivyotarajia. Mwenye nyumba alipoonyeshwa picha mapema, ndiye aliyetaja kipande cha vinaili chini ya kabati na ndiye aliyekuwa na namba ya fundi wa mawe. Mawaa yale yangeonekana siku zulia dogo linainuliwa, na hapo mazungumzo yangekuwa ya aina nyingine.

Wapo watakaosema nilikuwa mwoga kwa kuacha duara jeusi la mbao, kwa kuwa asidi ya oksaliki hulitoa kweli. Hulitoa. Lakini ubao mmoja uliosafishwa hadi mbichi katikati ya mbao zilizokomaa chini ya vanishi ya miaka huonekana kuliko duara lenyewe, na nyumba haikuwa ya mpangaji. Mwenye nyumba aliamua kusubiri hadi chumba kizima kipigwe msasa.

Gharama ya hospitali alilipa mpangaji, kwa hiari. Dada hakuwa na mkataba wa kibarua wala mtu wa kumdai, na siku alizokaa nyumbani akikohoa hakulipwa na yeyote. Sasa anapokubali kazi anauliza sakafu ni za nini kabla ya kutaja bei, na anamtaka mwenye kazi anunue dawa zikiwa kwenye vyombo vyake vya dukani. Baadhi ya wateja wamemwona msumbufu, wakatafuta mwingine.